Boksi la sabufa lililofungwa: hesabu kwanza, msumeno baadaye

Hapa Lubumbashi boksi la sabufa hukatwa kufuata nafasi iliyobaki kwenye buti la gari. Mteja anapata besi inayogonga lakini haishuki, kisha lawama anatupiwa seremala wa Katuba.

Hatua ya 1. Tafuta namba tatu za sabufa: Fs (frikwensi ya resonansi, yaani ile koni inayotikisika kwa urahisi zaidi, ikiwa nje ya boksi), Qts (jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa; namba ndogo ni kuzuiwa zaidi), na Vas, yaani ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na wa raba na spaida (kitambaa chenye mikunjo nyuma ya koni) zinazoshika koni. Sabufa isiyo na namba hizi ipimwe kwanza.

Hatua ya 2. Gawa Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ukilizidisha kwa Fs unapata Fc, resonansi ndani ya boksi. Ukilizidisha kwa Qts unapata Qtc, yaani Qts ya sabufa ikiwa ndani ya boksi.

Chukua Fs 30 Hz, Vas lita 60, Qts 0.40, kwa maboksi ya ujazo huu:

- lita 60: Fc 42 Hz, Qtc 0.57
- lita 30: Fc 52 Hz, Qtc 0.69
- lita 10: Fc 79 Hz, Qtc 1.06

Hewa iliyobanwa ni springi: boksi likipungua, springi inakaza na Fc inapanda. Chini ya Fc sauti huanguka desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila frikwensi ikishuka kwa nusu. Lita 10 ndiyo ile besi ya kugonga. Mimi ningechukua 30, kwa sababu Qtc ya karibu 0.7 hainyanyui wala kuzamisha besi, na koni haitupwi ovyo kama ndani ya lita 60.

Hatua ya 3. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ina kanieneo pungufu. Vas iliyopimwa pwani ipunguze kama asilimia 13: lita 60 zinakuwa 52, na boksi la lita 30 linatoa Fc ya 50 Hz. Tofauti ndogo, lakini ni ya bure.

Hatua ya 4. Pima ndani ya mbao, si nje. Ongeza nafasi ya sumaku na mihimili. Ziba kila kiungo kwa silikoni.

Hatua ya 5. Unganisha rezista ya omu 100 kati ya amplifaya na sabufa, cheza kutoka kwenye simu toni za majaribio za frikwensi moja moja, kuanzia 20 Hz ukipanda taratibu, multimita ya AC ikiwa kwenye nyaya za sabufa. Volti zikifika kilele, hiyo ndiyo Fc. Ikizidi hesabu kidogo, jaza pamba ya mito ya poliesta bila kuishindilia, upime tena.