Konekta ya tangi la maji chumvi ikivuja, usikimbilie spana

Kama unafuga samaki wa maji chumvi hapa Dar hii kitu utakutana nayo tu. Unapita asubuhi unaangalia chini ya tangi, pale bomba linapotokea kwenye kioo, unakuta unga mweupe umeganda kuzunguka nati na kwenye ncha yake kuna tone limening'inia. Wengi wakiona vile wanabeba spana wanakaza. Naomba usikaze kwanza. Konekta za plastiki, vile viungo vinavyopitisha bomba kwenye tundu la kioo, mara nyingi zinavuja kwa sababu raba imekauka, au imekaa upande, au chumvi imeingia katikati, sasa ukikaza kwa nguvu unapasua nati, au mbaya zaidi unapasua kioo chenyewe, na hapo sio tone tena, ni tangi zima limemwagika sebuleni.

Anza na umeme. Maji ya bahari yanapitisha umeme kuliko haya ya bomba kwa mbali sana. Kama maji yameshafika kwenye ekstensheni usiiguse wala usijaribu kuchomoa plagi, nenda kazime meni swichi ndio urudi. Kama pako pakavu chomoa vyote, pampu, hita, taa, skima (ile mashine inayotoa uchafu kwa povu), sio pampu peke yake, maana mkono wako unaingia kwenye maji yale yale ambayo hita imo ndani. Una kidonda mkononi? Vaa glovu. Na kama nyumba yako haina ile breka inayokata umeme wenyewe ukivuja, mafundi wanaiita ELCB, mwite fundi umeme akufungie, kwa mtu mwenye tangi la chumvi hiyo sio anasa hata kidogo.

Ukishazima pampu ujue samaki wameanza kuhesabu hewa. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na joto letu unalijua, kwa hiyo weka pampu ya hewa ya betri ifanye kazi muda wote unaoshughulika, alafu ile filta ya kopo iliyofungwa usiiache imejaa maji yaliyosimama masaa na masaa, bakteria wazuri wanakufa mle ndani na ukija kuwasha unawamwagia samaki uchafu wote.

Sasa tafuta panapovuja kweli. Futa chumvi yote kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, zungushia tishu kavu kila kiungo kivyake usubiri. Tishu itakayolowa kwanza ndio kiungo chenyewe, maana maji yanatambaa na bomba na kudondokea mbali na pale yalipotokea, unaweza ukahangaika na elbo ya chini kumbe mwenye kosa ni yunioni ya juu, kile kiungo cha bomba kinachofunguka kwa mkono. Angalizo moja: kama kuna vile vijiua vya baharini (zoanthid, jamii ya matumbawe) vinavyofanana na vifungo vya shati vimeota kwenye bomba, usivikwangue na usivimwagie maji ya moto kabisa, aina nyingine zina sumu kali na mvuke wake unaweza kukulaza hospitali.

Ikiwa ni yunioni kazi ni nyepesi. Fungua, toa oringi, ile raba ya duara, loweka kwenye siki nyeupe kama nusu saa chumvi na chokaa ziachie, suuza, ikague kama ina ufa au imelalia upande mmoja. Ikiwa nzima ipake grisi ya silikoni kidogo tu, sio vaselini, vaselini ni mafuta ya petroli inavimbisha raba za aina nyingi. Rudisha, kaza kwa mkono. Tepu nyeupe hapa haihitajiki, yunioni inaziba kwa oringi, sio kwa meno yake. Tepu ni ya bomba lenye meno linaloingia kwenye soketi yenye meno, hapo zungusha raundi tatu au nne kufuata upande unaokazia ili isijikunje ukifunga.

Konekta ya kwenye kioo ndio inataka utulivu. Shusha maji mpaka chini ya tundu, yaweke kwenye ndoo safi uje kuyarudisha, madumu yaliyowahi kuwa na sabuni au mafuta achana nayo. Fungua nati taratibu huku mkono mwingine umeshika kichwa cha konekta kwa ndani, na uangalie vizuri inafungukia wapi kwa sababu baadhi ya konekta meno yake ni ya kinyume, unadhani unafungua kumbe unakaza. Toa raba, safisha kioo pande zote mpaka ukipitisha kidole husikii hata punje. Raba inakaa upande wa kichwa, ndani kwenye maji, nati inabaki nje pakavu. Usipake silikoni ya kuzibia kwenye raba hii hata fundi akikwambia inasaidia, inaitelezesha raba inatoka mahali pake ukikaza. Kaza kwa mkono mpaka ishike, ongeza robo ya mzunguko, acha hapo hapo. Raba ikiwa imekufa nunua nyingine, usiibembeleze.

Kiungo cha gundi kikivuja hakuna dawa ya kupaka juu ikadumu, kata weka kipya, na ufanyie nje kwenye hewa mbali na moto kwa sababu ile gundi inashika moto haraka. Bomba likiwa na unyevu gundi haishiki, na ukimaliza liache siku nzima, suuza, ndio upitishe maji. Mabomba ya PPR gundi haiyashiki kabisa, yale yanaunganishwa kwa mashine ya moto.

Ukienda Kariakoo kutafuta vifaa geuza kila kitu uangalie ndani. Tenki konekta nyingi za matangi ya maji ya nyumbani zina nati ya chuma au ni shaba tupu, na adapta za PPR zenye meno zina shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Muuzaji atakwambia haipati kutu, sawa, ila shaba inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji chumvi na matumbawe, kamba na konokono wako wataondoka mmoja mmoja. Chukua plastiki tupu.

Maji yaliyovuja yalikuwa na chumvi yake, kwa hiyo yarudishie kwa maji chumvi ya kipimo kile kile, kwa matumbawe ni kama 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji (specific gravity). Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni ya kufidia yaliyokauka kwa joto tu, na yakiwa ya DAWASA yatoe klorini kwanza. Wenye mashine ya kujaza yenyewe muwe makini zaidi, uvujaji mdogo unashusha chumvi polepole na kina hakishuki, hujui mpaka upime.

Kabla hujamaliza washa pampu, subiri maji yakae sawa, alafu izime ghafla kama umeme umekatika, maana utakatika tu. Kama una tangi la chini (sump), lile ambalo pampu inapandisha maji kutoka humo kwenda kwenye tangi la samaki, maji yataanza kurudi humo kupitia bomba la pampu mpaka ncha ya bomba iliyozama tangi la juu ipate hewa. Tangi la sentimita 90 kwa 45, kila sentimita moja ya kina ni kama lita 4, kwa hiyo ncha ikizama sentimita 5 zinashuka lita 20 hivi, na usitegemee chekivalvu, ile valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, izizuie, punje moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi. Kama tangi la chini halina nafasi ya kuzipokea, pandisha ncha ya bomba karibu na uso wa maji au punguza maji ya chini, alafu zima tena uone.