Nyimbo za Aimyon za kuanzia karaoke, na za kuachia wenye koo zao

Aimyon ana sauti nzito kuliko waimbaji wengi wa kike wanaovuma Japani, na anaimba karibu na namna anavyozungumza. Ndiyo maana nyimbo zake hukimbiliwa sana kwenye vyumba vya karaoke. Ila kuna mtego: wimbo unaosikika mtulivu kwenye simu unaweza kukukaba ukishashika maiki. Chagua kwa vipimo vitatu, kwa mpangilio huu: maneno yanakwenda kasi gani, noti ya juu kabisa iko wapi, na pa kuvuta pumzi papo au hapapo.

Tuanze na maneno, kwani hapa Mswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, na hutamkwa karibu kama zetu. Silabi nyingi huishia na irabu, na mara nyingi kila silabi hupewa noti yake. Hata ile “n” inayosimama peke yake isikutishe: ukiweza kusema “nchi” kwa mapigo mawili, n-chi, utaweza “ninjin” (karoti) kwa mapigo manne, ni-n-ji-n. Irabu ndefu nazo unazijua tangu utotoni, maana hakuna anayechanganya kuku na kuukuu. Kijapani ni vivyo hivyo: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Marigold yenyewe, jina la wimbo wake maarufu, huimbwa kwa mapigo saba: ma-ri-i-go-o-ru-do. Ukiitamka kama neno la Kiingereza utamaliza mapema na ala zitabaki zinakusubiri.

Penye kutuponza ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo “kokoro” (moyo) hututoka ko-KO-ro bila kukusudia, na mdundo unapinda. Ziache silabi zote uzito mmoja, muziki wenyewe ndio upandishe na kushusha. Konsonanti iliyorudiwa nayo ina pigo lake la kimya: “kite” ni mawili, “kitte” ni matatu, ki, kimya kidogo, te. Ukiliruka pigo hilo utakuwa mbele ya wimbo hadi mwisho wa mstari.

Kupima kasi, tafuta maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, uyasome kwa sauti huku ukipiga makofi wimbo wenyewe ukiwa unacheza. Soma kiitikio mara tatu. Kama mara ya tatu bado unajikwaa sehemu mbili au zaidi, wimbo huo uache kwa sasa. Kwa kipimo hiki Ikite Itanda yo na, uliomwingiza kwenye soko kubwa mwaka 2016, unaanguka mara moja: beti zake ni maneno ya kusemwa haraka, si ya kuimbwa. Tena unahusu msichana aliyejiua. Usiuwashe kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtu eti kwa sababu gitaa limekupendeza.

Sasa noti ya juu. Weka programu ya piano kwenye simu. Panda noti moja moja ukiimba “a” mpaka ufike ile unayoweza kuitoa mara tatu mfululizo bila kukunja uso. Hiyo ndiyo dari yako. Kisha sikiliza kiitikio, tafuta kilele chake kwenye piano, na uhakikishe kiko nusu toni mbili (vibonye viwili vya piano, vyeusi vikihesabiwa) chini ya dari. Nafasi hiyo ni ya uchovu, kwa sababu unachokiweza ukiwa umepumzika jikoni hukiwezi kwenye wimbo wa tano wa usiku. Sikiliza pia dakika ya mwisho, maana huko ndiko watunzi hupenda kupandisha sauti.

Kilele kikizidi dari, usikate tamaa kabla ya kugusa kitufe cha kii, kinachoshusha au kupandisha wimbo mzima. Mashine kubwa za karaoke Japani ni DAM na JOYSOUND: kwenye DAM rimoti ya skrini huitwa Denmoku, kwenye JOYSOUND huitwa Kyokunabi, na kote kila hatua ya kii ni nusu toni moja. Mwanamke anayebanwa na kiitikio ajaribu −2. Akishuka hadi −4 au −5, beti zitazama kwenye noti ambazo maiki haizisikii vizuri. Mwanamume kwa kawaida huimba okteva moja chini, na hapo tatizo hugeuka: kiitikio kinakuwa rahisi, beti zinakuwa mnong'ono. Apandishe +3 hadi +5. Kurudi kwenye kii ya asili bonyeza 原曲キー, husomwa genkyoku kii.

Ukiuliza uanze na upi, jibu ni Harunohi wa 2019. Beti zake ni kama mtu anasimulia, maneno hayasongamani, na pumzi zinapatikana mwisho wa mistari. Unaofuata ni Marigold wa 2018. Una mwendo wa kutembea, kiitikio kinarudi mara nyingi, na karibu kila Mjapani chumbani anaujua, kwa hiyo ukipotea utaokotwa.

Hadaka no Kokoro wa 2020 huwadanganya wengi. Ni wa polepole, maneno yake utayashika kwa jioni moja, lakini noti ndefu za kiitikio hazikupi pa kujificha, na anayeishiwa pumzi hushuka chini ya noti bila kujua. Vuta pumzi tumboni kabla ya mstari, usisubiri katikati. Ai no Hana wa 2023 ni mtulivu pia, ila unahesabiwa tatu-tatu, moja-mbili-tatu, na aliyezoea mapigo manne huingia mapema.

Kimi wa Rock o Kikanai wa 2017 ni wa ngazi ya pili: beti ziko chini, kisha kiitikio kinadai sauti ya kifuani. Ukiushusha kii kwa ajili ya kiitikio, beti zinakwenda shimoni. Ai o Tsutaetai da Toka, wa mwaka huohuo, si wa juu sana, lakini maneno yanaingia katikati ya mapigo. Sora no Aosa o Shiru Hito yo waachie wenye koo.

Chumbani, tafuta kwa jina la mwimbaji. Limeandikwa kwa hiragana tupu (herufi za silabi za Kijapani), あいみょん, na ile ょ ni ndogo. Ukiandika kubwa huenda usipate kitu. Juu ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina) kwenye skrini huwa kuna hiragana ndogo za kusomea, kwa hiyo mwenye herufi 46 za msingi tayari anaweza kufuata. Macho yaende mbele kidogo ya rangi inayobadilika: ukisubiri herufi ibadilike ndipo uimbe, umeshachelewa.

Ongeza sauti ya melodi elekezi, gaido merodii, mara mbili za kwanza, halafu ipunguze. Mwangwi usizidishe, unaficha makosa usiyasikie, na mashine ya alama haidanganyiki, kwani inachopima zaidi ni usahihi wa noti. Maiki ishike kwenye shina, sentimita tano hivi kutoka mdomoni. Ukifunika kichwa chake kwa kiganja, au ukiielekeza kwenye spika, italia.

Na wimbo ukikushinda njiani, bonyeza kitufe cha 演奏中止, ensoo chuushi. Unasimama, anayefuata anaingia. Ukiwa chumbani na Wajapani, utaona nao mara nyingine wanakibonyeza kabla wimbo haujaisha.