Usiite plot() kila mzunguko, badilisha data ya mstari
Kama grafu yako ya Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu) inayosoma kipimajoto kila sekunde inaanza kukwama, angalia ndani ya kitanzi: huenda unaita `ax.plot()` kila mzunguko. Kila ukiiita, mstari mpya unalala juu ya ule wa zamani. Baada ya saa moja una mistari 3,600, na yote inachorwa upya. Chora mara moja tu, nje ya kitanzi: `mstari, = ax.plot(x, y)`. Hiyo koma si kosa la uchapaji, plot hurudisha orodha, na koma inautoa mstari ndani yake. Ndani ya kitanzi weka `mstari.set_data(x, y)` halafu `plt.pause(0.05)`. Pause ndiyo inayolipa dirisha nafasi ya kujichora, ukitumia `time.sleep()` peke yake, linaganda tu. Data ikitoka nje ya fremu, mihimili haifuati yenyewe: tangulia na `ax.relim()` na `ax.autoscale_view()` kabla ya pause. Kwenye Jupyter (daftari la msimbo linalofunguka kwenye kivinjari) iliyo katika hali ya inline mbinu hii haisaidii, maana pale grafu ni picha iliyokwisha kupigwa. Sakinisha ipympl, kifurushi kinachofanya grafu za Jupyter ziwe hai, kisha anza na `%matplotlib widget`.