Kununua Mashua ya Kuishi Iliyokwisha Kutumika

Mkazi wa Nairobi anayetaka mashua ya kuishi iliyokwisha kutumika, iwe Naivasha au Kilifi, asilipe hata shilingi moja kabla chombo hakijapandishwa nchi kavu, kwa maana ubovu mkubwa hujificha chini ya maji. Gongagonga mbao kwa kinyundo, kuanzia kwenye mkuku, yaani boriti ndefu ya chini kabisa ya chombo: mlio mkavu ni dalili ya uzima, mlio mzito ni wa kuoza. Penye shaka choma kisu chembamba, nacho kikizama kama kwenye ndizi mbivu, achana nayo. Kagua pia kalafati, yaani vizibo vya nafasi kati ya mbao, kisha ufungue ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo yanapokusanyika maji, uone kama maji yake yananuka dizeli. Injini iwashwe ikiwa baridi, mbele yako. Hati za usajili zilingane na jina la muuzaji.