Somo: usaili wa Utumishi, kuanzia kuomba mpaka mahojiano

Wakuu habari zenu. Vijana wengi wananiuliza mambo yaleyale, usaili wa Utumishi wanauliza nini, silabasi iko wapi, mbona mwenzangu tumesoma darasa moja yeye kaitwa mimi jina halipo. Nimeona niandike sehemu moja halafu maswali tutajibizana huko chini. Naongelea ajira zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hawa tunaowaita Utumishi tu, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 pamoja na marekebisho yake ya 2007. Majeshi wana utaratibu wao, huko siendi.

Naanza na la msingi kabisa maana ndio watu wengi wanapopotelea: hakuna kitabu cha silabasi cha kununua, silabasi ni lile tangazo lako la kazi. Ile sehemu ya majukumu ambayo watu wanairuka wakimbilie kuangalia mshahara, maswali yanatoka humo. Nitalirudia hili tukifika kwenye kusoma, kwa sasa tuanze na maombi kwasababu huwezi kufanya mtihani ambao hujaitwa.

HATUA YA 1: Profaili na viambatanisho

Akaunti inafunguliwa Ajira Portal, tovuti ya Utumishi ya kutumia maombi, na utahitaji namba ya NIDA na barua pepe yako mwenyewe, sio ya mtu wa stesheneri, maana kuna watu wamefunguliwa akaunti na mtu baki na leo wameitwa usaili hawawezi kuingia kuangalia namba ya mtihani. Jaza kila kipengele, weka simu inayopatikana, na sehemu ya makazi weka mkoa unaoishi sasa hivi. Hili la mkoa watu wanalichukulia poa, ila siku hizi usaili wa mchujo, yani ule mtihani wa kwanza wa kupunguza waombaji, kwa kada (aina za kazi) nyingi unafanyikia mikoani, kwahiyo ukiwa bado umeandika mkoa uliosomea chuo na wewe sasa upo Kagera unaweza kujikuta umepangiwa Mbeya na nauli ni yako.

Vyeti: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita, astashahada au diploma au digrii pamoja na transkripti yake, vyote viwe vimethibitishwa na wakili au mwanasheria, yani mhuri na saini vionekane kwenye skani. Narudia vionekane. Mtu anapiga picha kwa simu usiku kwenye mwanga hafifu, mhuri umekuwa doa, halafu anashangaa. Matokeo ya muda, zile slipu za matokeo ya kidato cha nne na sita, testimonial, hivyo vyote tangazo linasema wazi havikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake lazima vihakikiwe na mamlaka husika, TCU kwa digrii, NACTVET kwa vyuo vya kati, NECTA kwa sekondari. CV iwe na anuani, simu na wadhamini watatu wa kuaminika, na uwaambie hao watu kwamba umewaweka.

Barua ya maombi ndio kaburi la wengi. Lazima iwe na saini yako ya mkono, iandikwe Kiswahili au Kiingereza, ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa anuani ileile iliyopo mwisho wa tangazo, na itaje kada ileile unayoomba. Watu wana barua moja wanaizungusha kwenye matangazo yote, mwaka juzi ilielekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri na leo bado inasema hivyohivyo. Hapo una digrii yako nzuri unaachwa kwa karatasi moja, inauma sana kwasababu ni kitu cha nusu saa tu.

Umri usizidi miaka 45 isipokuwa kwa ambaye yupo kazini serikalini. Na kuomba ni bure, hakuna ada ya kuomba wala ya kuitwa, anayekwambia tuma hela ya faili ni tapeli.

HATUA YA 2: Ukiitwa

Tangazo la kuitwa likitoka lisome lote, sio kutafuta jina na kufunga. Nakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti, usitegemee kuiulizia mlangoni. Siku ya usaili beba kitambulisho, kinaweza kuwa cha Taifa, cha mpiga kura, cha kazi, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, au barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Beba na vyeti HALISI vyote kuanzia cha kuzaliwa. Kada zenye bodi kama afya, uhandisi na manunuzi, beba cheti halisi cha usajili na leseni kama inatakiwa. Chakula, nauli na malazi unajigharamia mwenyewe kwahiyo anza kudunduliza ukishatuma maombi, usisubiri kuitwa.

HATUA YA 3: Kusoma kwa ajili ya mchujo

Hapa ndio penyewe. Chukua tangazo, toa majukumu yote uyaandike kwenye daftari, kila jukumu ukurasa wake. Kisha kila jukumu ulipige maswali manne: ni nini hasa, sheria au kanuni gani inalisimamia, linafanyika kwa hatua zipi, na likikwama unafanyaje.

Tuchukue mfano wa Mtendaji wa Kijiji. Tangazo lake huwa linasema atakuwa katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji. Mstari mmoja tu huo, mtu anausoma anasema nimeelewa anapita. Sasa uchimbe. Halmashauri ya Kijiji ipo chini ya sheria gani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, Sura 287. Ina wajumbe wangapi? Kati ya 15 na 25. Inakutana lini? Kila mwezi. Mkutano Mkuu wa Kijiji je? Kila miezi mitatu, na wanaohudhuria ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na kuendelea. Nani anaongoza? Mwenyekiti. Nani anaandika muhtasari na kuutunza? Wewe mtendaji. Hapo tayari una maswali sita kutoka mstari mmoja.

Halafu lile swali la nne, likikwama. Unaweza kuulizwa hivi: mwenyekiti wa kijiji hajaitisha mkutano mkuu kwa miezi sita na wananchi wanalalamika hawajui mapato na matumizi, wewe ni mtendaji, utafanya nini? Asiyejiandaa atajibu nitakaa naye tuongee, basi. Aliyejiandaa anajibu kwa mpangilio, kwanza anataja takwa la kisheria la kila miezi mitatu, kisha anamkumbusha mwenyekiti kwa maandishi na kutunza nakala, anaandaa ajenda na taarifa ya mapato na matumizi ili kusiwe na kisingizio cha maandalizi, ikishindikana anampa taarifa Mtendaji wa Kata, na suala linapanda mpaka kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa njia hiyohiyo. Umeona tofauti? Wote wawili wana akili ila mmoja anajua serikali inafanya kazi kwa maandishi na kwa ngazi.

Ukimaliza majukumu ya kada yako ndio uende kwenye yale ya kila mtumishi. Sheria ya Utumishi wa Umma Sura 298 na kanuni zake, na misingi ya maadili ya utumishi wa umma ambayo ipo nane: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Ishike kwa mifano, sio kukariri tu, ujue mfano wa kuvunja kila mmoja.

Na tafadhali msisome madesa ya zamani bila kuangalia kama bado yapo hai. Kuna desa linazunguka WhatsApp bado linafundisha OPRAS kama ndio mfumo wa kupima utendaji wakati sasa hivi ni PEPMIS. Manunuzi bado mtu anataja sheria ya 2011 na mfumo wa zamani wa manunuzi ya mtandaoni, TANePS, wakati kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na mfumo ni NeST. Hata Dira ya Taifa ya Maendeleo, kuna anayejiandaa na Dira 2025 tu wakati Dira 2050 ilizinduliwa Julai 2025.

Kwenye chumba: fika mapema, simu haiingii, kwenye karatasi unaandika namba ya mtihani sio jina. Kama ni kwenye kompyuta fanya mazoezi ya kutumia mausi na kuchapa kabla, hasa nyie mliozoea simu tu.

HATUA YA 4: Vitendo na mahojiano

Madereva, makatibu mahsusi na kada nyingine za mikono wana usaili wa vitendo, huko hakuna maelezo, ni kufanya. Mahojiano sasa, unaingia mbele ya jopo, unasalimia, unasubiri kuambiwa kaa. Wakisema jieleze hawataki historia ya ukoo, wanataka jina, elimu, uzoefu na kwanini unaiweza kazi hii, dakika moja au mbili. Swali usilolielewa omba lirudiwe, hakuna ubaya. Swali usilolijua kabisa sema hujui kwa adabu, kuzungukazunguka kunaonekana haraka sana. Na kila jibu liwe na kitu cha kushika, ukitaja hatua zitaje kwa mfuatano, ukitaja sheria usibahatishe mwaka.

Haya, nimejibu na maswali yaliyokuja.

Swali: Mkuu nikipata 50 mchujo si nimepita moja kwa moja?
Ufaulu unaanzia 50 lakini kuna ushindani juu yake. Wanapangwa kuanzia wa juu na wanachukuliwa kulingana na nafasi zilizopo, kwahiyo kada yenye watu wengi unaweza kuwa na 60 na usiendelee na mwenzako wa kada nyingine akaendelea na 52. Usilenge 50.

Swali: Shikamoo kaka, jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lina "Mariamu" na cha form four "Mariam", nitazuiwa?
Marahaba mdogo wangu. Majina yakitofautiana wanataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria, wengi wanaiita dipoli. Hata kama ni herufi moja usibahatishe, nenda kwa wakili akuandalie, isajiliwe, halafu uiambatanishe na uibebe halisi siku ya usaili. Lishughulikie sasahivi kabla hujaitwa maana usajili unachukua muda wake.

Swali: Mimi nimeajiriwa tayari halmashauri, naweza kuomba kazi nyingine nzuri zaidi?
Inategemea. Kama unaomba kada ileile ya ngazi ya kuingilia ambayo unayo tayari, hutakiwi kuomba, kuna waraka wa tarehe 30 Novemba 2010 unaotajwa kwenye kila tangazo. Kama ni nafasi tofauti unayokidhi sifa, pitisha barua yako kwa mwajiri. Usifiche kwamba ni mtumishi, itaonekana tu kwenye mifumo.

Swali: Nilifanya mahojiano nikaambiwa nimefaulu ila sikupangiwa kituo, nianze upya?
Waliofaulu ila nafasi zikajaa majina yao yanawekwa kwenye kanzidata, nafasi za kada hiyo zikipatikana wanapangiwa humo. Ila haidumu milele, kwahiyo tangazo jipya likitoka omba tena, usikae unasubiri. Na uwe unaingia kwenye akaunti yako mara kwa mara, kuna watu wamepangiwa kituo wakachelewa kuripoti ndani ya muda uliotajwa na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Swali: Mimi ni mlemavu wa macho, nina uoni hafifu, naogopa mtihani wa kompyuta.
Usiogope ndugu yangu, ila jaza kwenye portal aina ya ulemavu wako, matangazo yenyewe yanahimiza watu wenye ulemavu waombe na waainishe. Ukiitwa wapigie simu mapema, kwa namba zilizopo kwenye tovuti yao, uwaeleze unahitaji nini, maandishi makubwa au msaidizi. Ukisubiri mpaka umefika mlangoni unawapa kazi ngumu na wewe unaanza mtihani ukiwa umeshavurugika.

Swali: Nimesoma Maendeleo ya Jamii, naruhusiwa kuomba Mtendaji wa Kijiji au mpaka niwe nimesoma Hombolo?
Hombolo, yani Chuo cha Serikali za Mitaa, wanatajwa kwa jina kwenye tangazo lakini huwa linaendelea "au chuo chochote kinachotambuliwa na Serikali". Maendeleo ya Jamii ipo kwenye fani zinazotajwa, pamoja na Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii na Usimamizi wa Fedha. Angalia ngazi tu, wanataka kidato cha nne au sita mwenye astashahada NTA level 5 (NTA ni ngazi za tuzo za vyuo vya kati). Kama chako ni level 4 bado hujafika, malizia hiyo moja ndio uombe.