Kuandaa mtandao wa nyumbani kwa gemu za uhalisia pepe bila waya

Mtu akinunua miwani ya uhalisia pepe kama Meta Quest 3 ili acheze gemu za kompyuta bila waya, na picha zikaanza kukwama, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kupigia simu kampuni ya intaneti na kuomba kifurushi cha kasi zaidi. Fedha hiyo hupotea bure. Picha za gemu hutengenezwa na kompyuta iliyomo nyumbani, hubanwa papo hapo, hupelekwa kwenye ruta, kisha huruka hewani hadi kwenye miwani, na katika safari hiyo yote hazitoki nje ya nyumba. Intaneti unaihitaji kwa kuingia kwenye akaunti, kupakua gemu na kucheza na watu walioko mbali, na kwa kazi hizo kifurushi cha kawaida kinatosha. Kinachoamua kama utacheza kwa raha au utavua miwani huku kichefuchefu kimekushika ni zile mita chache zilizopo kati ya kompyuta, ruta na kichwa chako.

Inafaa kufahamu kwanza tunapigania muda wa kiasi gani. Miwani inayoonyesha fremu 90 kwa sekunde, yaani picha 90 moja moja zinazofuatana ili kuleta mwendo, huhitaji fremu mpya kila baada ya milisekunde 11.1, ukiiweka kwenye fremu 72 unapata karibu milisekunde 13.9, na kwenye 120 unabaki na 8.3 tu. Safari nzima, tangu gemu lichore picha hadi uione, huchukua muda mrefu kuliko fremu moja, na jumla ya milisekunde 40 au 50 bado huchezeka vizuri, kwa sababu miwani yenyewe huigeuza picha ya mwisho iliyopokea ili ifuate mzunguko wa kichwa chako. Msaada huo hauna uwezo dhidi ya ucheleweshaji usiotabirika. Mgeni anayefika saa kumi kila siku unajua wakati wa kumwandalia chakula. Anayefika leo saa nane na kesho saa moja usiku hukuvurugia jiko zima. Ndivyo ilivyo kwa fremu: moja ikichelewa ghafla, kingo nyeusi hujitokeza pembeni mwa macho, mikono huachwa nyuma na tumbo hulalamika. Kwa hiyo tunachotafuta ni fremu kufika kwa wakati uleule kila mara, na kasi kubwa inayosifiwa kwenye maboksi ya ruta ni jambo la baadaye.

Kompyuta iunganishwe kwa kebo

Kanuni ambayo haina mjadala ni kwamba kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, na miwani pekee ndiyo itumie Wi-Fi. Hewa ya Wi-Fi ni kama baraza lenye adabu: katika chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, anazungumza mmoja tu kwa wakati mmoja, na wengine wanasubiri amalize. Kompyuta nayo ikiwa kwenye Wi-Fi, kila fremu itazungumzwa mara mbili, kwanza kutoka kompyuta kwenda ruta, halafu kutoka ruta kwenda miwani, na foleni inaongezeka maradufu. Vile vifaa vinavyopitisha data ndani ya nyaya za umeme wa nyumba visikushawishi, kwa maana kasi yake hupanda na kushuka kila friji inapowaka au pasi inapochomekwa.

Kebo yenyewe iwe ya daraja la Cat5e au zaidi, ambayo hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na nyaya zake zote nane ziwe zimebanwa sawasawa kwenye kichwa cha RJ45. Nasisitiza nane kwa sababu kebo iliyobanwa nyaya nne tu hufanya kazi bila kulalamika, lakini kwa megabiti 100. Niliwahi kuhangaika karibu wiki nzima nikibadilisha chaneli na kuhamisha ruta, hadi nilipofungua mipangilio ya mtandao ya Windows na kuona imeandikwa 100 mahali palipopaswa kuwa 1000; waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya kichwa cha kebo. Angalia namba hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Huenda ukafikiri kwamba ukipunguza kiwango cha data ya picha zinazopelekwa kwenye miwani hadi megabiti 80 kwa sekunde, kebo ya 100 itatosha. Hesabu inakataa. Megabiti 80 zikigawanywa kwa fremu 90, kila fremu ina karibu megabiti 0.9. Kwenye kebo ya gigabiti fremu hiyo hupita kwa muda usiofika milisekunde moja. Kwenye kebo ya megabiti 100 huchukua karibu milisekunde tisa, yaani umekula sehemu kubwa ya muda wa fremu nzima kabla picha haijafika hata hewani.

Ruta ya pili

Ruta inayoletwa na kampuni ya intaneti kwa kawaida hufungwa pale faiba ilipoingilia, karibu na mlango au sebuleni juu ya televisheni, na humo ndani ya nyumba ndiyo inayohudumia simu za kila mtu, televisheni na wageni. Kuibebesha na gemu ni kuitafutia lawama. Njia ninayoiona bora, na ambayo gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ni kununua ruta ya pili yenye Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha Wi-Fi) na matundu ya gigabiti, kuiweka katika chumba cha kuchezea, na kuitumikisha kwa ajili ya miwani peke yake.

Namna ya kuiunganisha ndiyo siri ya mpango mzima. Vuta kebo kutoka ruta ya kampuni hadi ruta ya pili, kisha chomeka kompyuta kwenye ruta ya pili, wala si kwenye ile ya kampuni. Ndani ya mipangilio ya ruta ya pili chagua hali ya AP, ambamo inaacha kazi ya kugawa anwani na inabaki kuwa kituo cha Wi-Fi chenye matundu ya kebo. Hapo picha zitatoka kwenye kompyuta, zitaingia ruta ya pili na kuruka moja kwa moja hadi kwenye miwani bila kuikanyaga ruta ya kampuni kabisa. Hata kama ile ya kampuni ina matundu ya megabiti 100, au wenzako wanatazama mpira kwenye simu tano, njia yako haiguswi.

Ukikosa namna ya kuificha kebo inayokwenda chumba hicho, usiweke kifaa cha kurudia mawimbi kati ya ruta na miwani. Kifaa cha aina hiyo husikiliza na kurudia neno lilelile hewani, na mara nyingi hula nusu ya nafasi iliyopo. Afadhali kebo ndefu ipite ukutani chini ya kibanio, hata kama haipendezi macho.

Mahali pa kuiweka

Miwani na ruta viwe chumba kimoja, vikionana, kwa umbali wa mita mbili hadi nne. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa matofali ya saruji, zikiwa na nguzo na mikanda yenye nondo, na masafa ya GHz 5 hayapendi ukuta wa namna hiyo. Ukuta mmoja tu unaweza kutosha kuharibu kila ulichokipanga. Ubaya huo una upande wake wa neema, kwa kuwa ukuta huohuo unamzuia na jirani asikuingilie. Pandisha ruta juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, kwenye rafu au ukutani, kwa sababu mwili wa binadamu nao, ambao sehemu kubwa ni maji, huziba mawimbi kila unapogeuka na kuipa ruta mgongo. Usiifiche ndani ya kabati, nyuma ya televisheni wala kando ya kioo kikubwa.

Mipangilio ya Wi-Fi

Masafa ya GHz 2.4 hayafai kwa kazi hii: yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na humo wamejazana majirani, Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Zima ile huduma ya ruta inayounganisha masafa yote chini ya jina moja na kukuchagulia yenyewe, halafu ipe GHz 5 jina lake la pekee, na jina hilo na nywila yake vibaki kwenye miwani tu. Simu yako nayo isiijue nywila hiyo. Simu iliyoko chumba cha mbali na inayopokea mawimbi hafifu huzungumza polepole, na kila sekunde inayoitumia ni sekunde ambayo miwani inasubiri zamu.

Upana wa chaneli uweke MHz 80. Kwa upana huo, miwani yenye Wi-Fi 6 kama Quest 2 au Quest 3 huunganishwa kwa megabiti 1201 kwa sekunde, ambazo tayari zimezidi uwezo wa kebo yako. Chaneli usiiachie ruta ijichagulie. Pakua kwenye simu programu ya kuchunguza Wi-Fi, tazama majirani wako wapi, kisha chagua kati ya fungu la 36 hadi 48 na lile la 149 hadi 161, kama ruta iliyowekewa nchi yako inaliruhusu. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na sheria inaitaka ruta isikilize kwanza kwa muda usiopungua dakika moja kabla ya kuzitumia, na iondoke mara ikihisi rada. Anayeishi karibu na uwanja wa ndege ataufahamu usumbufu huo katikati ya mchezo.

Quest 3 ina uwezo pia wa Wi-Fi 6E, yaani masafa ya GHz 6, ambayo Marekani iliyafungulia mwaka 2020 na Umoja wa Ulaya mwaka 2021. Ni hewa safi mno, ila ruta zake ni ghali, na kabla ya kununua hakikisha kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kwamba masafa hayo yanaruhusiwa. Anayeishi katika nyumba ya kujitegemea yenye kuta nene hatapata faida kubwa. Wa ghorofani, aliyezungukwa na ruta ishirini, ataiona.

Bado kuna kosa dogo linalowasumbua wengi. Baadhi ya ruta huwa na kinga inayozuia vifaa vilivyomo kwenye mtandao mmoja visionane, hasa kwenye mtandao wa wageni. Izime kwa mtandao huu, na kwenye Windows utambulishe mtandao wako kuwa wa binafsi badala ya wa umma, la sivyo miwani itaitafuta kompyuta bila kuipata ilhali vyote vimeunganishwa.

Programu na vipimo

Programu za kupeleka picha ziko kadhaa: Air Link ya Meta na Steam Link ya Valve ni za bure, na Virtual Desktop ni ya kulipia. Mimi humshauri anayeanza ajaribu Steam Link kwanza, na anayetaka kuchokonoa mambo anunue Virtual Desktop, kwa sababu inaonyesha mbele ya macho yako ni wapi muda unapotea: kwenye kuchora gemu, kubana picha, kusafiri mtandaoni au kuifungua ndani ya miwani. Kwa mfumo wa kubana picha, H.264 hufunguliwa haraka lakini hutaka data nyingi. HEVC hubana zaidi na hugharimu muda kidogo zaidi. AV1 Quest 3 huweza kuifungua, Quest 2 haiwezi. Anza na megabiti 100 kwa sekunde, cheza dakika kumi, kisha pandisha kidogokidogo. Tamaa ya kuanzia juu ndiyo inayowafanya watu walaumu ruta isiyo na kosa.

Vipimo visomwe kwa kutenganisha. Muda wa kuchora ukiwa mrefu, kadi ya picha imezidiwa, na hakuna ruta duniani itakayoiponya. Punguza ubora wa picha au shuka hadi fremu 72. Muda wa kufungua ukipanda, punguza kiwango cha data. Ni pale tu muda wa mtandao unapopanda ndipo unaporudi kwenye ruta, na hapo tazama namna unavyopanda. Ukiwa mkubwa wakati wote, kebo au umbali ndio wenye tatizo. Ukiruka ghafla kila baada ya sekunde kadhaa, kuna kifaa kingine kinachoshirikiana nawe chaneli au kompyuta inapakua kitu kimyakimya. Ukiongezeka kila unapogeukia upande fulani, ni mwili wako unaoziba njia, na dawa ni kuhamisha ruta.

Ili kuitenga kebo na Wi-Fi, tuma amri ya ping, inayopima muda wa jibu kurudi, kutoka kompyuta kwenda anwani ya ruta: kwa kebo nzima jibu hurudi chini ya milisekunde moja, tena bila kuyumba. Usiipime miwani yenyewe kwa ping ukatishwa tamaa na namba zake, kwa maana hupumzisha redio yake ili kuokoa betri na majibu hurukaruka hata mtandao ukiwa mzuri.

Muda wa mtandao ukibaki chini ya milisekunde kumi kwa nusu saa ya mchezo wenye mwendo wa kasi, huku wenye nyumba wengine wakiendelea na mambo yao, andika mipangilio yako kwenye karatasi, ibandike chini ya ruta kwa ajili ya siku umeme utakapoiharibu, na usiiguse tena.