Dar es Salaam hadi Tanga usiku: namna ya kuchagua njia kwa anayesafiri kila wiki

Wapo watu wengi wanaofanya kazi Dar es Salaam huku familia zao zikiwa Tanga, ambao huondoka Ijumaa baada ya kazi na kurudi Jumapili usiku. Kwa kuwa safari hiyo hurudiwa wiki baada ya wiki, inafaa njia ichaguliwe kwa kufikiri, si kwa mazoea ya dereva aliyekufundisha. Umbali ni takribani kilomita 350, na kuanzia Msata hadi Segera, kisha Segera hadi Tanga mjini, barabara kuu ni hiyo hiyo moja kwa kila mtu. Uchaguzi uko katika sehemu ya mwanzo: ama ushike Barabara ya Morogoro hadi Chalinze kisha ukate kulia, ama upite Bagamoyo na kutokea Msata.

Tofauti ya umbali kati ya njia hizo mbili ni ndogo mno kuwa sababu ya kuamua. Mchana dereva anaweza kuuliza ni ipi itakayomfikisha mapema. Usiku maswali ya maana ni mengine: kipande kibaya zaidi cha njia ni kipi, nitakifikia saa ngapi nikiwa na uchovu kiasi gani, na gari likizima hapo ni nani atakayekuwa macho karibu nami.

Njia ya Chalinze huanza vizuri, kwa sababu kati ya Kimara na Kibaha barabara imepanuliwa kwa zaidi ya kilomita 19 na magari yana nafasi ya kutosha. Baada ya Kibaha upana huo unakwisha, nawe unajikuta kwenye njia mbili pamoja na malori yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mlandizi na daraja la Ruvu hupitika kwa subira, lakini eneo la mizani ya Vigwaza linahitaji macho zaidi, kwa kuwa malori husubiri pembeni na kurudi barabarani taratibu sana, mengine yakiwa na taa za nyuma zilizofunikwa na vumbi hadi usizione mpaka umekaribia. Madereva wa malori wana desturi ya kukuashiria kwa indiketa, ya kushoto ikimaanisha pita na ya kulia ikimaanisha ngoja. Desturi hiyo ni ya kiungwana na husaidia, ila dereva wa lori anaweza kuwa anakata kona tu. Usipite mpaka uione barabara mwenyewe, hata kama nyuma yako kuna mtu anayewasha fulu kwa hasira.

Pamoja na adha hizo zote, njia hiyo ina watu. Chalinze hailali: vituo vya mafuta viko wazi, wapo mafundi wa pancha, chai ipo, na ukiegesha mahali penye taa unaweza kufumba macho kwa dakika ishirini bila kuwa peke yako. Mtu anayesafiri mwenyewe, au mwenye gari ambalo halijamzoesha kuliamini, asiudharau uhai huo wa usiku.

Njia ya Bagamoyo ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Kipande cha lami cha kutoka Bagamoyo hadi Msata kina urefu wa kilomita 64, kikipitia Makurunge, bonde la Ruvu Chini na Kiwangwa, kijiji kinachojulikana kwa mananasi. Malori ni machache, hivyo taa za kukupofusha kutoka mbele ni chache, na hakuna foleni ya mizani. Utulivu huo una gharama yake. Barabara ikiwa tupu mguu huwa mzito kwenye mafuta, ilhali mifugo hukatiza, na baiskeli iliyobeba mkaa bila taa wala kiakisi huonekana ikiwa tayari ndani ya mwanga wako. Vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, kwa hiyo tangi lijazwe kabla ya kuondoka mjini. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, bonde la Ruvu Chini hukusanya maji mengi. Siku ambayo mvua imenyesha mfululizo, mpigie simu mtu aliyepita huko mchana kabla hujaamua.

Mahali unapoishi Dar es Salaam pia huamua mengi. Kwa mkazi wa Tegeta, Bunju au Mbezi Beach, kwenda kwanza Kimara ili kuifuata Barabara ya Morogoro ni kujitafutia foleni, na kwa mkazi wa Ubungo, Kimara au Gongo la Mboto, kuvuka jiji kwenda Tegeta Ijumaa jioni ni vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, anayeishi kaskazini mwa jiji na anayeweza kufika Msata kabla ya saa nne usiku apite Bagamoyo, kwa kuwa saa hizo vijiji vya njiani bado viko macho. Anayechelewa kuondoka mpaka saa nne au saa tano apite Chalinze hata kama atakutana na malori, hasa akiwa peke yake. Hakuna ulazima wa kurudi kwa njia uliyoendea: Jumapili usiku, magari yakiwa yamejaa kuelekea jijini, mtu anayekwenda Bunju anaweza kukata kushoto Msata na kuepuka msongamano wa kuingia Kibaha, mradi asifike hapo Msata usiku wa manane.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko njia yenyewe, nalo ni jambo ambalo wasafiri wa kila wiki hulipuuza kwa sababu wameshazoea. Mwili wa binadamu husinzia zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, kahawa iwepo isiwepo. Ukitoka Dar es Salaam saa nne usiku na kwenda kwa mwendo wa halali, utakuwa Msata karibu saa saba, na Mkata, Kabuku na Segera utazipita ndani ya saa hizo za usingizi, baada ya siku nzima kazini. Ukilala kwanza saa tatu usiku na kuondoka saa tisa, utapita daraja la mto Wami, mbele ya Msata, kunapokaribia kupambazuka na sehemu kubwa iliyobaki utaiendesha kwenye mwanga. Utafika asubuhi badala ya usiku, lakini utafika ukiwa na uwezo wa kuzungumza na watu wa nyumbani.

Wami penyewe pamekuwa pepesi kuliko zamani. Daraja la mwaka 1959 lilikuwa jembamba, likipitisha gari moja kwa wakati mmoja, na miteremko yake ya kuingilia ilikuwa mikali. Daraja jipya lilianza kutumika mwaka 2022. Kuanzia hapo kwenda Segera, kinachokufanya uwe macho ni vijiji: Mbwewe, Manga, Mkata na Kabuku vina vibao vya kilomita 50 kwa saa, vivuko na matuta, na tuta lililopoteza rangi halionekani usiku. Ukiona matawi ya miti yamewekwa barabarani kwa kuachana, punguza mwendo mara moja na usiyapite kwa kukwepa tu, kwani mbele yake kuna lori lililoharibika, mara nyingi likiwa limekalia upande wako wote na halina taa hata moja.

Kabla ya kuifanya njia yoyote kuwa yako, ipite mchana, na ujue kwa majina sehemu ambazo unaweza kusimama salama: kituo cha mafuta chenye mlinzi, kituo cha polisi, mgahawa unaokesha. Tairi la akiba lipimwe upepo, pembetatu za kuakisi ziwe mahali zinapofikika bila kushusha mizigo, kioo cha mbele kisafishwe ndani na nje, na namba ya dharura, 112, ijulikane na kila aliyemo garini.

Anayetumia basi naye ana uchaguzi, ingawa si wa barabara. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya zuio. Chagua basi linalofika mwisho katika kituo cha Kange, Tanga, badala ya lile la Arusha litakalokushusha Segera saa nane usiku ukisubiri usafiri wa kuunganisha. Kabla ya kukata tiketi, uliza basi linatoka saa ngapi hasa na linapita wapi, kwa kuwa yapo yanayopita Bagamoyo, na abiria wa Bunju hana haja ya kwenda kituo cha mabasi cha Mbezi Luis kulisubiri.